Papa Bagula na Mkono wa Mlangoni

Papa Bagula Cikuru amestaafu. Narudia, maana hata mimi ninayeandika sijaamini bado: Papa Bagula amestaafu! Aliingia Karakana ya Leonardo hapa Buffalo Jumanne tarehe 13 Oktoba 2009, akiwa na ndoo na fagio, na ametoka Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, akiwa fundi mkuu wa vielelezo. Hiyo ni miaka kumi na sita na siku kumi na nane. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara moja tu, na siku hiyo theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya magari, na mkurugenzi mwenyewe hakufika kabisa.

Mimi ni Chimène, wa mapokezi. Nimepewa kuandika upande wa Kiswahili wa programu hii kwa sababu nusu ya walioko ukumbini leo wametoka Louisville na Columbus, nusu nyingine ni majirani zetu wa Lower West Side, na wote wangenilalamikia kama ningewaacha na Kiingereza kitupu. Mkurugenzi aliniomba aya tatu. Bon, tutaona.

Kwa ambao hamjawahi kuingia: Karakana ya Leonardo ni makumbusho madogo, vyumba vinne na stoo, ndani ya jengo lililokuwa zamani duka la mikate. Mna mitambo ya mbao iliyotengenezwa kwa kufuata michoro ya Leonardo da Vinci, yule Mwitaliano wa miaka mia tano iliyopita, mchoraji, mhandisi, mtu asiyetulia. Kuna daraja linalosimama bila msumari wala kamba. Kuna parafujo kubwa ambayo aliota kwamba ingeweza kupaa angani. Kuna magurudumu ya meno ya kila ukubwa, na kuna meza ya kioo, kwa sababu Leonardo alitumia mkono wa kushoto na maandishi yake aliyaandika kinyumenyume, hata ukitaka kuyasoma ni lazima uyaweke mbele ya kioo.

Na kila kitu kinaguswa! Hakuna kamba ya kuzuia watu, hakuna mlinzi wa kukukoholea. Unazungusha, unavuta, unabomoa daraja, unalijenga upya, linakuangukia, unacheka. Mtu mzima anayeingia hapa na uso wa kazini hutoka na uso wa darasa la pili. Nimekaa mlango huu miaka kumi na saba, na hadi leo nikisikia daraja linaporomoka na watu wanapiga kelele, nainuka kitini kwenda kuona nani kalibomoa safari hii.

Sasa kwa Papa Bagula. Alizaliwa Kabare na kujifunza useremala Kadutu, mjini Bukavu, katika karakana ndogo aliyoshirikiana na rafiki yake Hyacinthe Nshombo. Wawili hao walikuwa na sifa moja waliyoipenda kuliko zote: miaka ishirini ya msumeno, na vidole vyao vyote ishirini vilikuwa bado vipo. Pale Kadutu mteja alitazama kwanza mikono ya fundi kabla ya kumkabidhi mbao zake. Fundi aliyepungukiwa kidole alionekana mzembe, na Hyacinthe alijua kumcheka fundi wa namna hiyo mpaka mtaa mzima ukacheka naye. Mlishike jambo hili, tutalirudia.

Vita viliwatoa Bukavu wote wawili. Walikaa miaka minane katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakipokezana msumeno mmoja: Bagula asubuhi, Hyacinthe mchana. Mwaka 2006 familia zote mbili zililetwa Louisville, ndege moja, mtaa mmoja, na waume wakaajiriwa ghala moja la kupakia maboksi, zamu moja. Mama Angelika, mke wa Papa Bagula, anasema yeye na mke wa Hyacinthe walikuwa wageni tu katika ndoa hiyo.

Mwaka 2008 Papa Bagula alihamia Columbus, upande wa Northland, kwa sababu dada ya Mama Angelika aliugua na hakuwa na mtu wa kumwangalia. Alipata kazi katika kiwanda cha kukata mbao, na kwa mara ya kwanza tangu Bukavu akawa anarudi nyumbani na vumbi la mbao kichwani. Mama Angelika anasema alikuwa anaimba akishuka kwenye basi. Furaha hiyo ilidumu miezi saba. Februari 2009 mashine ilichukua vidole viwili vya mkono wake wa kuume, kile cha kuelekeza na kile cha kati.

Hakumwambia mtu. Hilo ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika wasifu huu, kwa sababu Wakongo wa Morse Road, kule Northland, wanajua ulichopika jana kabla wewe mwenyewe hujakila. Lakini ilikuwa baridi, kila mtu alivaa glavu, na Mama Angelika aliapishwa. Maumivu Papa Bagula aliyavumilia. Kilichomshinda kilikuwa kufikiria uso wa Hyacinthe akiuona mkono ule. Kufikia Oktoba alikuwa Buffalo, mahali ambapo hakuna aliyemjua, na akaomba kazi ya usafi kwetu. Tangu siku ya kwanza alivaa glavu za mpira za kazi, na vidole viwili vya glavu ya kuume alikuwa amevijaza pamba. Nilifanya naye kazi miaka saba nikidhani ni mtu anayeogopa sana uchafu.

Na alikuwa msafishaji gani, jamani! Sakafu ya chumba cha pili ungeweza kulia ugali juu yake. Ila palikuwa na jambo moja lililotushangaza. Vielelezo vyetu havikuharibika tena. Wageni walikuwa wanavunja mpini jioni, na asubuhi mpini mzima. Gurudumu lililolegea Alhamisi lilikuwa limekaza Ijumaa. Mkurugenzi alifurahi hata akaiandikia kampuni iliyotuuzia mitambo ile barua ya pongezi kwa uimara wa bidhaa zao, na kampuni ikajibu kwa fahari kubwa. Papa Bagula alisomewa nakala ya barua ile ikiwa imebandikwa ukutani, akapiga deki chini yake, akaenda zake.

Alikuwa anatengeneza kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka hamsini alipoanza kujifundisha, kwanza fagio, kisha kijiko, kisha patasi. Aliniambia baadaye kwamba siku ya kwanza kwetu alipiga deki chumba cha kioo, akamwomba mgeni mmoja Mburundi amsomee kibao cha ukutani, naye akasikia kwamba Leonardo, fundi mkubwa kiasi kile, alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alisimama pale na deki mkononi mpaka maji yakakauka. Akajiambia, donc, kumbe inawezekana.

Sasa tufike kwenye salamu. Wageni wetu Wamarekani wanaosoma upande ule mwingine watusamehe, ninyi wa kwetu mnajua. Kwetu huwezi kuingia mahali pa watu ukawapita hivi hivi. Unampa kila mtu mkono, wa kuume, na ukimpa mkubwa unakishika kiwiko chako kwa mkono mwingine. Kumpa mtu wa kushoto ni kumtukana. Na mkono ulionyooshwa ukaachwa hewani, hilo watu hulikumbuka miaka.

Agosti 2011 Séphora, binti wa Papa Hyacinthe, aliolewa Louisville. Papa Bagula alisafiri kwa basi siku nzima kwenda kuhudhuria. Mlangoni mwa ukumbi alisimama baba wa bibi harusi, suti mpya, wakwe mstari mzima kando yake. Alipomwona rafiki yake alinyoosha mkono kwa furaha yote. Papa Bagula, katika joto la Agosti, alikuwa amevaa koti, na mkono wa kuume uko mfukoni. Hakuutoa. Aliinamisha kichwa, akasema hongera, akapita. Mkono wa Hyacinthe ulibaki hewani mbele ya wakwe.

Maneno yaliyofuata mnayajua, wengine mliyasema ninyi wenyewe, msiniangalie hivyo. Kwamba Bagula amekuwa mzungu. Kwamba Buffalo imempandisha, siku hizi anasalimia kwa kichwa. Papa Hyacinthe aliifuta namba yake kwenye simu. Watu waliopokezana msumeno mmoja miaka minane wakakaa karibu miaka sita bila neno. Papa Bagula angeweza kumaliza yote kwa kutoa mkono mfukoni, na ndicho kitu pekee ambacho hakukiweza.

Mimi sikujua lolote. Julai 2016 nilisikia kwamba kanisa letu moja la Louisville linaandaa safari ya kwenda kuona maporomoko ya Niagara, na kwamba watawachukua na wa Columbus njiani, kwa kuwa Louisville, Columbus na Buffalo ni njia moja ukiwa na dereva mvumilivu. Niliruka! Niliwapigia simu, nikawaambia hawawezi kupita Buffalo bila kumwona Leonardo wetu. Waliitika. Kiongozi wa msafara alikuwa Papa Hyacinthe Nshombo, jina ambalo kwangu halikuwa na maana yoyote. Nilipolitaja kazini, Papa Bagula alisema siku hiyo atakuwa na kazi nyingi stoo.

Walifika arobaini na wawili. Suti, vitenge, viatu vinavyong'aa, watoto wamepakwa mafuta mpaka magotini. Nilisimama mlangoni nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Na watu wangu hao wakaingia, wakaweka mikono nyuma ya mgongo, wote arobaini na wawili, wakazunguka vyumba vyote vinne bila kugusa kitu. Hata kimoja! Walilitazama daraja. Walilisifu daraja. Mama mmoja alimshika mwanawe mikono yote miwili tangu mlangoni hadi mlangoni, na mtoto analia kwa Kiingereza kwamba wenzake shuleni waliruhusiwa.

Nilikuwa nimeandika kibao kwa mkono wangu, herufi kubwa: TAFADHALI GUSENI. Walikisoma kwa adabu. Lakini mwenye nyumba akikuambia jisikie nyumbani, wewe hufungui friji lake, na wao hawakufungua. Mwishoni walijipanga, wakatuimbia wimbo wa shukrani wa sauti nne, wakaliombea jengo na wafanyakazi wake, wakaondoka. Mkurugenzi alidhani wamechukizwa. Mimi nilicheka, halafu nikagundua kwamba machozi yale hayakuwa ya kicheko.

Papa Bagula alikuwa ametazama yote kupitia ufa wa mlango wa stoo. Alimwona Hyacinthe amesimama mbele ya parafujo, mikono nyuma, na kidole gumba cha mkono mmoja kinasugua kiganja cha mkono wa pili. Hivyo ndivyo Hyacinthe alivyofanya tangu ujana akiona kazi nzuri ya fundi mwingine na anataka kuishika. Hakuishika. Alikuja kilomita zote zile akaondoka na hamu yake mkononi.

Basi lilipoondoka, Papa Bagula alitoka stoo, akakaa kwenye kiti changu bila kuomba, akavua glavu. Pamba ilianguka sakafuni, sakafu yake mwenyewe. Nilitazama mkono ule, nikainama kuiokota pamba. Alinisimulia kila kitu nilichowasimulia hapa, kuanzia Kadutu. Halafu akasema kosa si la wageni. Hakuna mtu wa kwetu atakayegusa vitu vya mwenyeji kabla mwenyeji hajampa mkono, na nyumba hii haisalimii.

Kesho yake alikwenda kwa mkurugenzi, nami nikiwa mkalimani, akaomba kona ya stoo na Jumatatu zake, siku ambayo tunafunga. Mkurugenzi aliuliza anajua kutengeneza nini. Papa Bagula, bila kujisifu, alimpeleka kwenye ile barua ya pongezi ukutani na kumwonyesha mpini mmoja baada ya mwingine. Mkurugenzi alikaa chini. Barua ile iko ukutani hadi leo, ila jina la kampuni tumelibandikia karatasi yenye jina la Papa Bagula.

Alichonga mkono. Mkono wa mtu, wa kuume, wa mbao ya mwaloni kutoka kwenye meza kuukuu, umenyooshwa kiuno cha mtu mzima kinapofikia, tayari kusalimia. Wa kwanza ulipasuka kwenye kifundo. Wa pili vidole vilikuwa vinene, ukiushika unadhani umeshika viazi. Wa tatu niliusifu mimi, na yeye akautia kwenye takataka siku hiyo hiyo. Wa nne ndio mnaoujua. Ukiushika na kuubonyeza kama mtu anayesalimia kwa moyo, waya unavuta gurudumu dogo, dogo linasukuma kubwa, kubwa linazungusha mhimili unaopanda hadi darini, na huko juu mbawa mbili za kitambaa, kila moja ndefu kuliko mimi, zinapiga mara tatu na kengele inalia. Ukiusalimia kwa ncha za vidole, kama mtu mwenye haraka, hakuna kinachotokea. Mara ya kwanza mbawa zile zilipopiga, nilipiga vigelegele mpaka jirani wa duka la simu akaja kuuliza nani kaoa.

Juni 2017 niliwaalika tena watu wa Louisville, safari hii nikijua ninachofanya. Papa Bagula alikubali kwa sharti moja, kwamba yeye atakuwa stoo. Nilimwambia sawa. Nilikuwa nimeshatoa kitasa cha mlango wa stoo, lakini hilo sikulitaja.

Papa Hyacinthe aliingia wa kwanza, mikono imeshaanza kwenda nyuma. Akaukuta mkono umenyooshwa. Nilimwona akisita, na ndugu zangu, sijawahi kuomba hivyo hata kanisani. Lakini kumbukeni ni nani huyo: mtu aliyewahi kuachwa na mkono hewani mbele ya wakwe. Yeye hawezi kumfanyia hivyo hata mbao. Aliupokea kwa mkono wa kuume, akakishika kiwiko kwa wa kushoto, akaubonyeza vizuri kabisa kama unavyomsalimia mkubwa wako. Mbawa zikapiga! Kengele ikalia! Watu nyuma yake wakapiga kelele, na foleni ikaanza, kila mtu na salamu yake, hata mchungaji, hata bibi wa miaka themanini aliyeuliza mkono huo hali yake na kama watoto hawajambo.

Baada ya hapo, donc, mlango ukawa umefunguka. Watu waliokwisha kusalimiwa si wageni tena. Mchungaji alivua koti akalala chini ya daraja kuona linashikiliwa na nini. Mama wawili wa kitenge waligombania mpini wa parafujo mpaka ukang'oka, na badala ya kuomba msamaha waliuliza mwingine uko wapi. Akina mama ambao nyumbani huwazuia watoto kutumia mkono wa kushoto walikaa kwenye meza ya kioo wakijaribu kuandika majina yao kwa kushoto, ulimi nje. Vyumba vinne vilikuwa kelele tupu. Mkurugenzi alikuwa anapiga makofi na kulia kwa wakati mmoja.

Papa Hyacinthe hakuwa nao. Alikuwa amerudi mlangoni. Alipiga magoti kwenye suti yake, akachungulia chini ya mkono wa mbao, pale unapoungana na mhimili, na akapapasa kigingi kilichopigwa mshazari, chenye mkato mmoja kichwani. Kigingi kile walikibuni wawili kule Kadutu, mwaka ambao misumari ilikosekana mjini. Hapa duniani palikuwa na watu wawili tu wanaopiga kigingi hivyo, na yeye hakukipiga. Aliinuka akaniuliza fundi yuko wapi. Nilimwonyesha mlango usio na kitasa.

Papa Bagula alikuwa amesimama katikati ya stoo, glavu ameshavua, sijui tangu saa ngapi. Hyacinthe alinyoosha mkono kama alivyounyoosha siku ya harusi, na safari hii Papa Bagula akatoa wake. Hyacinthe aliupokea kwa mikono yake yote miwili. Aliuangalia. Alihesabu, moja, mbili, tatu, akaanza tena. Halafu akamtukana. Alimtukana kwa Mashi, lugha ya kwao Kabare, ninayoielewa vizuri sana, na matusi yale sitayaandika katika programu ya makumbusho yanayoheshimika. Kisha akamwuliza kama kweli alifikiri angemcheka. Papa Bagula akajibu ndiyo. Hyacinthe akakiri kwamba ndiyo, angemcheka, siku moja nzima. Na kesho yake angekuja Columbus kumshikia msumeno. Hapo ndipo wazee hao wawili walipolia, na mimi nikafunga mlango kwa mguu maana kitasa kilikuwa mfukoni mwangu.

Mwezi huo huo Papa Bagula aliteuliwa fundi wa vielelezo, na mwaka 2020 fundi mkuu. Ametutengenezea mitambo kumi na moja. Wanafunzi wa uhandisi wa kutoka Amherst, Waafrika wengi wao, huja na kompyuta kupima magurudumu yake, na wakimwomba michoro anawaonyesha uzi wenye mafundo anaopimia. Alianzisha pia ile ziara ya kila mwaka, mitambo mitano ndani ya gari, kwenda Columbus na Louisville. Mwaka wa kwanza gari letu lilizima Columbus, na Papa Bagula aliingia kwenye basi la Morse Road akiwa amebeba bawa moja la mita mbili. Mama mmoja Msomali asiyemjua alimshikia ncha ya pili vituo kumi na viwili bila kuuliza ni kitu gani, akashuka, akasema Mungu akusaidie na hema lako.

Ni Columbus hiyo hiyo, katika ukumbi ulio karibu na nyumba yake ya zamani, alipofungua maonyesho yetu kwa kuwapa mkono watu waliofanya naye kazi kiwandani. Mkono mtupu, mmoja mmoja, mlangoni. Niliwahesabu watu sitini na saba. Hakuna aliyecheka. Mmoja alimwonyesha wa kwake, uliopungukiwa kidole gumba.

Karibu nimalize, mkurugenzi ananitazama. Kwa miaka minane wageni wameniuliza mkono ule wa mlangoni umechongwa kwa kufuata mkono wa nani. Wengi hudhani ni wa Leonardo. Mimi nimekuwa nikijibu kwamba si wa mtu yeyote, ni mkono tu. Wiki iliyopita, kwa ajili ya wasifu huu, nilimwuliza mwenyewe hatimaye. Alinipeleka chumba cha kioo, akakunja shati, akaweka mkono wake wa kushoto mbele ya kioo, mzima, vidole vitano, akaniambia nitazame ndani.

Nilitazama. Ndani ya kioo palikuwa na mkono wa kuume. Jumatatu zile zote, miezi kumi, alikuwa anakaa mbele ya kioo na kuchonga alichokiona humo. Kwa hiyo ninyi nyote mliopita mlangoni leo mmeshausalimia mkono wa kuume wa Papa Bagula, jinsi ulivyokuwa Kadutu, kabla ya Columbus. Maelfu ya watu wameusalimia bila kujua. Papa Hyacinthe alikuwa wa kwanza wao.

Papa Bagula, karakana nzima inakushukuru: kwa sakafu, kwa mipini, kwa mbawa, na kwa kuifundisha nyumba hii adabu. Tunakuombea mapumziko yenye afya wewe na Mama Angelika, njia nyepesi kwenda Louisville na kurudi, na msumeno wa kupokezana na rafiki yako, asubuhi wewe, mchana yeye. Glavu zako umezisahau stoo. Tumezitundika msumarini na pamba yake, na hatutakuletea. Sasa wageni wetu wapendwa, wa mbao mmekwisha kuusalimia. Papa Bagula amesimama pale mbele, mkono ameshaunyoosha. Inukeni.